Ngalula na Watu Wake wa Kupiga Vifaru

Ukimwona Ajida Ngalula, mwanajeshi wa cheo cha kati, anavuka barabara katikati ya mji, karibu na mabenki, gwanda limepigwa pasi mpaka mistari inasimama, utasema huyu ni mama wa ofisini, kazi yake kugonga mihuri na kupanga viti vya wakubwa. Wengi wamesema hivyo. Wamekosea wote. Kazi ya Ngalula ni kuvunja vifaru. Si kuvitengeneza, si kuviendesha. Kuvivunja.

Alizaliwa hapa hapa Lubumbashi, komini ya Kenya, mtaa wa mji huu huu, kwa baba Mkasai aliyekuwa anatengeneza mabehewa ya treni. Tangu utoto alikuwa na ugonjwa mmoja tu, kuuliza. Baba akirudi na mafuta mikononi, kabla hajavua viatu, mtoto ameshasimama mbele yake. Breki ya behewa inashika wapi? Treni ikisimama, mtu wa nyuma anajua namna gani? Mama yake alichoka, akamwita Juu-ya-Nini, yaani Kwa-Nini, maana ndilo neno lililokuwa halimtoki mdomoni, na jina hilo likamfuata mpaka jeshini. Hata leo askari wake wakifikiri hasikii, wanamwita Mama Juu-ya-Nini. Anasikia. Anajifanya kiziwi.

Ugonjwa huo ndio uliomwingiza katika kazi yake. Siku za mafunzo, mwalimu aliwapeleka kuona kifaru. Kikaja kinanguruma, ardhi inatikisika mpaka kwenye meno, vijana wa kiume wakarudi nyuma bila kujua kwamba wanarudi. Ngalula naye aliogopa, tuseme ukweli. Lakini swali lilikuwa na nguvu kuliko woga.

"Mwalimu, hii kintu inaonaka na nini?"

Wenzake wakacheka, wakamtania kwa babu yake. "Inaonaka na macho ya tate yako!"

Mwalimu hakucheka. Alimwambia apande, aingie, akamfungia kifuniko juu ya kichwa. Ndani kulikuwa joto na harufu ya mafuta ya mazuti, na pa kutazamia ni vioo vidogo vidogo kama vya mlango wa tajiri asiyetaka wageni. Ngalula aliona kipande cha majani na kipande cha mbingu. Wenzake waliosimama pembeni, karibu kabisa, hakumwona hata mmoja. Alipotoka jasho lilikuwa linamwagika, na hakungoja kulipangusa.

"Kumbe haionake muzuri! Mutu akiwa kando, akatulia, haimuone!"

"Njo vile," mwalimu akasema, yaani ndivyo. "Weye utaenda na bantu ba antichar."

Antichar ndio hao wa kupiga vifaru. Silaha yao ni bomba linalokaa juu ya miguu mitatu, na kila bomba lina watu watatu. Mmoja anapiga, mmoja anapakia, mmoja anatazama na kuamuru. Kombora likitoka linaburuta waya mwembamba nyuma yake, na mpigaji hana ruhusa ya kugeuza jicho. Lazima aushike msalaba wa darubini juu ya kifaru mpaka kombora lifike, na kifaru kikiwa mbali ni muda wa kusema Salamu Maria nzima. Jaribu wewe kusema Salamu Maria nzima na mzinga unakutafuta. Tena nyuma ya bomba kunatoka moto mkali, kwa hiyo nyuma lazima pawe wazi, pasiwe na mtu, wala ukuta, wala kitu cha kuungua.

Miaka ilipita, Ngalula akapewa kikosi chake, mabomba manne. Kila askari mpya aliyekuja kwake alikuwa na swali lile lile, na Ngalula alilipenda kama mtu anavyopenda mgeni wa kwao.

"Shefu, kama siye wenyewe tuko na vifaru, juu ya nini tuende na miguu kupiga vifaru?"

"Aa, umeuliza muzuri! Kifaru chetu kazi yake ni kukimbia mbele. Sasa akikimbia mbele, ubavu wake nani anachunga? Ukiweka kifaru kingine pale kichunge, umepoteza kifaru cha kukimbia. Njo siye sasa. Tunalala kando, tunanyamaza, tunachunga ubavu, ili ye aende bila kuangalia nyuma."

Aliwafundisha pia jambo moja mpaka wakaliota. Mabomba manne yakitazama mahali pamoja, hakuna kifaru kitakachopita. Bomba moja peke yake litapiga mara ya kwanza, vumbi litapanda, litaonekana, limekwisha. Kwa hiyo walikwenda pamoja katika lori moja, walilala pamoja, bukari, yaani ugali, walikula kwenye sufuria moja, na mpigaji wao bora, Kiki, binti wa komini ya Kampemba mwenye mdomo mrefu na jicho lisilopepesa, alikuwa anasema wazi kwamba kikosi hiki ndicho familia yake, ile nyingine ni ya kuandikwa tu kwenye kadi.

Halafu akaja Komanda Damien.

Damien ni mtu wa Kivu ya Kaskazini, wa familia ya wafanyabiashara wa jumla walioshangaa mtoto wao kupenda jeshi kuliko depo. Kiswahili chake ni cha kwao, kimenyooka kidogo kuliko cha hapa. Alipewa batayo, kikosi kikubwa kilichochanganywa upya, yenye vifaru pamoja na kompani tatu za askari wa miguu wanaopanda magari ya chuma. Wiki ya kwanza alimwita Ngalula.

"Ajida, nimefikiri. Kila kompani ya magari naipa bomba moja. La nne litabaki na vifaru."

"Hapana, mon commandant."

"Sijakuuliza bado."

"Ndiyo. Lakini mi nimeshajibu."

Mwingine angepiga meza. Damien alivuta kiti, akakaa, akamtazama kama mtu aliyekuta ufunguo asioujua ni wa mlango gani. "Nieleze."

"Bomba moja mu kompani ya bantu iko mugeni. Na mugeni banamupa kazi gani? Kubeba maji. Kuchunga gari ya shefu. Siku kifaru itakuya, ye iko na bidon ku mukono."

"Sawa. Sasa mimi nikuulize. Mabomba yako manne yako hapa, pamoja, mazuri kabisa. Kifaru cha adui kinatokea kule. Askari wangu wa miguu watakipiga na nini? Na rozari?"

"Tutakuya mbio."

"Na lile lori? Katika pori?"

Swali hilo lilimwasha Ngalula kama pilipili. Lilikuwa zuri.

Wakakubaliana kujaribu siku ya Ijumaa, bila kurusha kitu, vifaru viwili vya kwao wenyewe vikijifanya adui. Ngalula akivinasa vyote viwili, kikosi chake kinabaki kizima. Kimoja kikipita, kikosi kinagawanywa. Watu wake waliposikia walikuwa wanakula. Kiki alisukuma sufuria akasema, "Shefu, usituuzishe."

Jumatatu Ngalula alikwenda kutazama uwanja, kule mbali baada ya barabara ya Kasenga. Ni ile nchi yetu ya vichuguu, vichuguu vikubwa kama nyumba, na miti imeota juu yake. Aliona viwili vimekaa karibu kama mashangazi wawili kwenye matanga. Alipanda juu, akaona njia zote mbili ambazo kifaru kinaweza kupita. Akazunguka nyuma, akakuta majani tu, pamefunguka, moto wa bomba hauna wa kumchoma. Alirudi anapiga mluzi. Mabomba mawili huku, mawili kule, kwisha habari.

Sasa mtu wa Lubumbashi aliyesikia hayo ameshashika kichwa. Mwisho wa kiangazi! Mvua inakaribia, kila mwenye kiwanja anakimbizana na matofali, na matofali yanatoka wapi kama si katika kichuguu? Ngalula mwenyewe nyumba yake imetoka katika kichuguu. Alikichagua yeye, akakiomba yeye, akakisimamia mpaka tofali la mwisho. Lakini Jumatatu ile alivaa macho ya ajida, macho ya mama mwenye nyumba aliyaacha nyumbani. Aliona kilima. Kilima hakiondoki.

Ijumaa lori likafika. Kutoka barabarani vichuguu vilikuwa vimesimama vile vile. Watu wakaruka, mabomba mabegani, wakakimbia wameinama kama alivyowafundisha. Waliposhika upande wa nyuma, Kiki akasimama ghafla mpaka mpakiaji akamgonga.

Kichuguu hakikuwa na mgongo. Kimekatwa nusu nzima, uso tu ndio umebaki. Pale palipokuwa na majani kulikuwa shimo la udongo uliokandwa, matofali mabichi yamepangwa mistari na mistari, na tanuru la kwanza linatoa moshi. Katikati amesimama mama mmoja mwenye jembe, Chilufya jina lake, tope mpaka magotini, akawatazama hao askari.

"Muko munatafuta nini, basoda?"

"Mama, jambo. Tunakulomba mutoke hapa kidogo. Tuko na kazi."

"Na miye niko nafanya nini, niko nacheza? Hiki kichuguu njo nyumba ya mutoto wangu. Nilikilomba ku shefu wa kijiji. Weye ulikilomba ku nani?"

"Shefu, mama amekupiga kofi," Kiki akanong'ona.

"Nyamaza. Mama, na kile kingine?"

"Kile? Njo tulianza nacho. Kimekwisha kuliko hiki."

Mtu mwingine angelia au angetukana. Ngalula alitazama ule ukuta wa udongo uliobaki, na ule ugonjwa ukampanda. "Juu ya nini mulianza kukata nyuma? Mbele njo karibu na barabara."

Chilufya alimcheka. "Mbele kuko jua, mama. Nyuma kuko kivuli. Weye unalimaka mu jua?"

Kweli hawakuwa wanarusha kitu siku ile. Wangeweza kuweka mabomba pale na kujifanya. Mpakiaji mmoja alisema hivyo, Ngalula akamgeukia vibaya. Nyuma ya bomba kuna mama, kuna tanuru, kuna nyumba ya mtoto wa mtu. Mahali usipoweza kupiga kweli si mahali, hata siku ya mchezo. "Bote ku lori! Mbio!"

Na hapo ndipo ubaya ulipoonekana. Kwa kuwa walikuwa pamoja, walikosa mahali pamoja, wakahama pamoja. Lori likageuka katikati ya miti, likakwama, likasukumwa. Redio ikaanza kulia. Ni kompani ya Luteni Mardochée, ya upande wa mto. Askari wake wameshashuka katika magari yao, wamelala chini, wanasikia kifaru.

"Antichar iko wapi? Antichar! Antichar, muko wapi?"

"Tunakuya," Ngalula akajibu, na mwenyewe alisikia jinsi neno lile lilivyo jepesi.

Kifaru cha kwanza walikinasa, kilikuwa kimechelewa. Cha pili kilipita katikati ya watu wa Mardochée kama mtu anayekatiza sokoni, na Guelor, dereva wa kifaru hicho, alitoa kichwa nje akawapungia mkono, meno yote nje, utafikiri anaenda harusini.

Komanda Damien alikuja kwa miguu, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakucheka, na Ngalula alimwekea hilo moyoni.

"Ajida."

"Kimoja kimepita, mon commandant."

"Nimeona. Basi tunagawa."

"Tunagawa leo, hapa hapa, turudie. Mi nataka kuona."

"Kuona nini?"

"Njia yangu nimeona pahali inavunjikia. Sasa ya kwenu itavunjikia wapi?"

Damien alimtazama, halafu akatazama jua, halafu akachukua redio akawaambia vifaru virudi mwanzo. Hata yeye alitaka kuona. Walikuwa watu wawili wa ugonjwa mmoja, ila mmoja alikuwa na nyota begani.

Wakagawa. Bomba moja kila kompani, la nne na vifaru. Safari hii kifaru kilipotokea upande wowote, bomba lilikuwa limeshafika, limeshuka katika gari pamoja na askari, hakuna wa kuita kwenye redio. Hilo Ngalula alilikubali moyoni mwake, na lilimuuma. Lakini alikuwa anatembea na Damien nyuma ya watu, na aliona mengine. Kompani ya katikati, bomba limewekwa juu ya njia tupu, mbele ya gari la mkubwa, kama mbwa wa mlangoni. Kompani ya kushoto, mpakiaji hayupo. Yuko wapi? Amebeba bidoni za maji, mbili, moja kila mkono.

"Bidon," Ngalula akasema polepole.

"Nimeiona," Damien akajibu. "Usirudie."

Kifaru kimoja kikaja uso kwa uso na lile bomba la njiani. Bomba likahesabiwa limekufa, kifaru kikapita. Kingine, cha Guelor, kikashuka tena upande wa mto, na huko alikuwa Kiki. Mardochée alikuwa amemwambia akae mbele, Kiki akakataa. Wakagombana mbele ya askari wote, Mardochée anaonyesha nyota zake, Kiki anaonyesha majani. Mwisho Kiki akabeba bomba akaenda kulala kando kabisa, chini ya mti ulioanguka, nyuma pako wazi. Guelor alipita mbele yake na ubavu wote nje. Kiki akashika msalaba wa darubini juu yake, akasema Salamu Maria yake mpaka Amina, ndipo akachukua redio.

"Guelor! Umekufa! Kesho tunakuzika, leta kitambaa!"

Walikaa kwenye kivuli, komanda na ajida, chini kwenye majani. Chilufya, ambaye aliona watu wamechoka, bila kuulizwa alileta maji katika kopo.

"Njia yako, kimoja kimepita," Damien akasema. "Njia yangu, kimoja kimepita. Sasa mimi sijui. Wewe unajua?"

"Sijue. Lakini juu ya nini Kiki alishika?"

"Kwa sababu alikuwa ameshafika pale. Hilo ni langu."

"Na juu ya kukataa pahali pabaya. Ile njo yangu."

Wakaanza kuuliza na kujibu, wakichora chini na kijiti, mpaka maji yakaisha. Kompani za kando mbili ndizo ziko mbali, ndizo zinahitaji bomba lao wenyewe. Ya katikati iko karibu na vifaru. Basi mabomba mawili yaende kando, mawili yabaki pamoja mkononi mwa Ngalula, nyuma ya vifaru, tayari kukimbilia panapovunjika. Na yale yanayokwenda, mkubwa wa kompani atasema ni kitu gani cha kuchunga, lakini mahali pa kulala atachagua mwenye bomba. Tena hakuna bidoni.

"Nakubali," Damien akasema, "ingawa tulisema nitagawa yote. Lakini wa kutoa utachagua wewe. Na Ajida, unajua kambini watu wanatoaga nani."

Ngalula alijua. Nani asiyejua? Ukiambiwa toa watu, unatoa mwenye mgongo mbovu, na yule wa pombe, na yule anayekoroma. Wazuri unaficha. Hata yeye alikuwa ameshaanza kuhesabu kichwani, na waliokuja kwanza walikuwa hao hao. Alifikiria lile bomba la njiani, limekaa kama mbwa. Aliyelala pale hakuwa mjinga, alikuwa mtiifu tu. Aliambiwa kaa hapa, akakaa. Ukimpeleka mtiifu peke yake kwa watu wasiojua kazi, umempeleka kufa. Watiifu ndio wa kubaki karibu na mtu anayejua. Wa kwenda mbali ni yule anayekataa.

Na anayekataa kuliko wote alikuwa anakula muhogo juu ya lori, miguu inaning'inia, anasimulia jinsi Guelor alivyokufa.

"Kiki. Shuka."

Alishuka anacheka. Alipomaliza kusikia kwamba anahamia kwa Mardochée, hakuwa anacheka tena.

"Unanifukuza, shefu? Mi njo nilishika kifaru, mi njo unafukuza?"

"Ungekuwa mujinga ningekuchunga karibu."

"Ile njo asante yako?"

"Ile njo asante. Sina ingine."

Kiki alitazama wenzake juu ya lori, nao wakatazama vidole vyao. Halafu akapandisha bomba begani, akawaambia wale wawili wa bomba lake, "Twende, tumeuzishwa," akaondoka kuelekea magari ya Mardochée bila kupiga saluti. Ngalula alimwacha. Saluti hakuitaka, wala asingeweza kuipokea vizuri wakati ule. Aliwapandisha waliobaki. Lori lilikuwa na nafasi nyingi, kila mtu akakaa pale pale alipozoea, na mahali pa watu wa kwenda pakabaki wazi katikati yao njia nzima mpaka mjini.

Wiki iliyofuata Ngalula hakuuliza mtu swali hata moja. Waliomjua walidhani anaumwa.

Mpaka Luteni Mardochée alipomfuata kwenye uwanja wa kambi, kofia mkononi, uso umechoka. "Ajida, nakulomba. Huyu Kiki wako. Kila pahali namuwekaka anakataa. Namuambia hapa, asema hapana. Namuambia pale, asema hapana, nyuma kuko ukuta. Jana amenihamisha hata miye mwenyewe, asema nimelala pabaya! Nifanye naye nini?"

Ngalula alimsikiliza mpaka mwisho, na kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa meno yake yakaonekana.

"Na pale alikuhamisha, palikuwa muzuri kuliko pa kwanza?"

Mardochée alikuna shingo. "Palikuwa muzuri."

"Basi endelea kumuweka, naye aendelee kukataa. Siku ile ataitika ndiyo mara ya kwanza, uniite mbio. Atakuwa mugonjwa."